Mastaa sita, vicheko vitatu: nilivyoangushwa na Hold Up Down

Leo niko na malalamiko, na nitayatoa yote, kwa hivyo kama una maji ya chai jikoni, nenda uzime kwanza.

Nilicheka mara tatu. Komedi ya saa moja na nusu hivi, mastaa sita, mwelekezi ambaye nimemsifu hapa mpaka mkachoka, halafu nikacheka mara tatu. Najua ni tatu kwa sababu dada yangu mdogo alikuwa anahesabu. Nilikuwa nimemuahidi kwamba hii muvi itamvunja mbavu, na nikasema nikikosea nitaosha vyombo wiki nzima. Leo ni siku ya nne. Mikono imekunjamana kama ya mtu aliyelala kwa mtaro.

Muvi yenyewe inaitwa Hold Up Down. Ni ya Japani, ilitoka 2005, na imeandikwa na kuelekezwa na SABU. Waigizaji wakuu ni V6, kundi la muziki wa pop, wote sita. Najua wengi wenu mko upande wa Korea siku hizi, kwa hivyo wacha niwapange kidogo, halafu tuingie kwa kesi.

V6 walianza rasmi tarehe 1 Novemba 1995. Walikuwa vijana sita: Masayuki Sakamoto, Hiroshi Nagano, Yoshihiko Inohara, Go Morita, Ken Miyake na Junichi Okada. Ndani ya kundi kulikuwa na vikundi viwili. Wale watatu wakubwa waliitwa 20th Century, wale watatu wadogo wakaitwa Coming Century. Walidumu miaka 26 kamili na kuvunja kundi tarehe ile ile, 1 Novemba, mwaka 2021. Kwa dunia ya pop, miaka 26 na watu wale wale sita, bila hata mmoja kutoka, hiyo si mchezo.

Walikuwa chini ya Johnny & Associates, kampuni iliyotawala soko la makundi ya wavulana Japani kwa miongo mingi. Siwezi kuitaja na kupita tu. Mwaka 2023 kampuni ilikiri hadharani kwamba mwanzilishi wake, Johnny Kitagawa, aliyefariki 2019, aliwadhulumu kingono vijana wengi waliokuwa chini yake, na baadaye ikabadilisha jina kuwa Smile-Up. Hiyo ni mada nzito inayostahili posti yake yenyewe. Kwa leo, kitu cha kukumbuka ni kwamba kampuni hiyo ilishikilia sura za mastaa wake kama mali. Mpaka 2018, tovuti za habari Japani zilikuwa zikiandika kuhusu muvi ambayo staa wa Johnny's yumo, halafu kwenye picha yeye anakatwa, unaona kivuli cha kijivu tu pale kichwa kilipokuwa. Sura ilikuwa biashara. Na kampuni ilikuwa na tawi lake la filamu na muziki, J Storm, ambalo lilitengeneza muvi za kuwapa makundi yake nafasi kwenye skrini kubwa. Hold Up Down ilitoka huko.

Sasa, kwa nini nilikuwa na matumaini makubwa hivyo? Ni kwa sababu ya SABU.

Jina lake halisi ni Hiroyuki Tanaka. Alianza kama mwigizaji, halafu 1996 akatoa muvi yake ya kwanza kama mwelekezi, Dangan Runner. Dangan ni risasi, na kweli muvi inaenda kama risasi. Jamaa mmoja mnyonge anataka kuiba benki. Amepanga kila kitu, lakini amesahau kitambaa cha kuficha uso. Anaingia dukani kukinunua, anaona aibu, anaamua kukiiba, anashikwa. Mhudumu wa duka anamkimbiza. Njiani mhudumu anamgonga jambazi wa yakuza, na huyo naye anaanza kuwakimbiza. Basi. Wanaume watatu wanakimbia mjini mpaka jua linatua, na kadiri wanavyochoka ndivyo unavyoanza kuwajua: nani alidhalilishwa na nani, nani anaogopa nini, nani hana sababu tena ya kusimama. Unacheka, halafu ghafla unashindwa kucheka.

Mwaka 2000 akatoa Monday, ambapo mfanyakazi wa ofisi anaamka kwa chumba cha hoteli bila kukumbuka wikendi yake imeendaje. Muvi hiyo ilishinda tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, kwenye tamasha la Berlin. Mwaka 2002 akatoa Drive, ambapo majambazi wa benki wanamteka dereva ambaye hawezi kuvunja sheria za barabarani. Fikiria wewe ni mwizi, polisi wako nyuma, na uliyemteka anazingatia mwendo uliowekwa! Akili za huyu mtu zinakaa hivyo. Anachukua mtu wa kawaida mwenye kasoro moja ndogo, anaisukuma hiyo kasoro mpaka dunia yake inaanguka.

Kwa hivyo niliposikia SABU amepewa mastaa sita wa pop, Krismasi, na wizi wa benki, nilijua nimefika nyumbani. Nikanunua bando, nikaita dada, nikaweka dau la vyombo.

Na dakika za kwanza, nawaapia, nilikuwa nashinda dau.

Ni Krismasi. Wezi wawili waliovaa nguo za Santa wanaiba benki. Wanatoka mbio na pesa, na gari lao halipo. Limekokotwa. Walikuwa wameegesha vibaya! Hicho ndicho kicheko cha kwanza, na ni kicheko safi, kwa sababu ni haki kabisa. Umeenda kuvunja sheria kubwa, sheria ndogo inakushika.

Wanakimbilia stesheni ya treni kuficha pesa kwenye yale makabati unayofungulia kwa sarafu. Hawana sarafu. Wana mfuko umejaa noti za benki lakini hawana shilingi ya kufungia kabati. Kicheko cha pili. Dada alicheka mpaka akamwaga soda. Ikabidi waende kumnyang'anya mwanamuziki wa mtaani vichele vyake, na hapo ndipo taabu inaanza, kwa sababu ufunguo wa kabati unapotea na mwanamuziki anakuwa sehemu ya mambo asiyoyajua.

Ukiangalia vizuri, huyo bado ni yule SABU wa Dangan Runner. Kila kitu kinazaa kingine. Gari limekokotwa, kwa hivyo stesheni. Stesheni, kwa hivyo sarafu. Sarafu, kwa hivyo mwanamuziki. Hakuna kilichoanguka kutoka mbinguni. Wezi wamejitengenezea kila shida kwa mikono yao, na wewe kwa kochi unawaona wakijichimbia shimo na huwezi kuwasaidia. Komedi nzuri inakaa hivyo.

Halafu ikabidi wengine nao wapate zamu.

Hapo ndipo shida yangu na hii muvi ilipo. V6 ni watu sita. Mashabiki wa kila mmoja wamenunua tiketi. Kwa hivyo kila mmoja lazima apate hadithi yake, uchungu wake, kicheko chake, na shoti yake ya karibu. Tuna wezi, tuna polisi wanaowafuata, tuna mwanamuziki, tuna dereva anayegongana na hii vurugu yote. Kila mara hadithi ikianza kupata moto, inaachwa ili tuende kukutana na mwingine. Ni kama matatu inayosimama kila hatua tatu kubeba abiria. Gari ni zuri, dereva anajua kazi, lakini hatufiki!

Hesabu yenyewe ni rahisi. Dakika tisini gawa kwa watu sita ni dakika kumi na tano kila mtu. Katika dakika kumi na tano unaweza kunionyesha mtu anafanya nini. Ni ngumu kunionyesha anaogopa nini. Na kama sijui anaogopa nini, akianguka naona mtu ameanguka tu. Sicheki. Huenda hata nikauliza kama ameumia.

Kicheko cha tatu ni cha mtu aliyeganda kwa baridi na kubebwa huku na kule kama mzigo. Sitasema zaidi kwa ajili ya wale watakaoiangalia. Ni mzaha wa kikatili kidogo, na SABU anaujua mzaha wa aina hiyo. Lakini baada ya hapo watu wote wanakusanywa kwenye hoteli iliyoachwa ya chemchemi za maji moto, na muvi inageuka kuwa kelele. Kupigana, kupiga mayowe, kukimbizana. Kadiri ilivyozidi kelele ndivyo chumba chetu kilivyozidi kunyamaza. Kuna wakati dada aliniangalia tu, akasema, "Bro, sufuria ziko kwa sinki."

Sasa najua mashabiki wa V6 wananiandalia mawe. Wacha nijibu kabla hamjarusha.

Jibu lenu la kwanza ni kwamba mimi sipendi mastaa wa pop wakiigiza. Hapana, hilo nakataa. Junichi Okada, yule mdogo wao, alikuwa na miaka 25 muvi hii ilipotoka, na miaka mitatu kabla yake alikuwa ameshaongoza komedi mojawapo ya bora za Japani, Kisarazu Cat's Eye. Hiyo ni tamthilia ya televisheni ya 2002, sehemu tisa tu, iliyoandikwa na Kankuro Kudo. Anaigiza kijana wa mji mdogo anayeambiwa ana saratani na amebakiza miezi sita. Yeye na marafiki zake wa timu ya besiboli wanaamua kuwa wezi. Rafiki mmoja anaigizwa na Sho Sakurai wa Arashi, kundi lingine la kampuni ile ile. Kila sehemu imepangwa kama mchezo wa besiboli: nusu ya kwanza unaona kilichotokea, halafu wanarudi nyuma kukuonyesha kilichokuwa kinaendelea nyuma ya pazia. Ni upuuzi mtupu na inauma. Kwa sababu tunajua mmoja wao anakufa, kila upuuzi wao una uzito. Kuna staa wa pop mle, wapo hata wawili, lakini kuna kitovu kimoja.

Na wala hakuishia hapo. Mwaka 2015 Okada alishinda tuzo ya mwigizaji bora na ya mwigizaji msaidizi bora kwenye Japan Academy Prize usiku mmoja, kwa muvi mbili tofauti. Go Morita naye mwaka 2016 aliigiza muuaji kwenye Himeanole mpaka nikaogopa kuzima taa. Nagano alikuwa Daigo kwenye Ultraman Tiga, na kuna watu wazima leo ambao bado wanamuita hivyo. Hawa watu wanaweza kazi. Ndiyo maana nimekasirika. Wangekuwa hawawezi, ningepita tu kimya.

Jibu lenu la pili ni kwamba mwaka 2005 V6 walikuwa wanatimiza miaka kumi, na muvi ilikuwa raha ya mashabiki kuwaona sita wote pamoja. Hilo naliheshimu. Kama umempenda mtu miaka kumi, kumuona tu kavaa nguo za Santa inatosha. Lakini hata hiyo zawadi SABU alikuwa ameshaitoa vizuri zaidi. Mwaka 2003 aliwapa hao hao sita Hard Luck Hero. Ni fupi. Pambano haramu la ngumi na mateke linaharibika, na watu wanakimbia usiku wakiwa wawili wawili, jozi tatu. Sikilizeni hapo: alipokuwa na watu sita alitengeneza hadithi tatu, siyo sita, na zote tatu zilitoka kwa kosa moja. Si muvi kamili, lakini inapumua. Watu wawili ndani ya gari wanaogopa kitu kimoja, unapata mazungumzo, unapata kicheko. Kwenye Hold Up Down akataka zaidi, na zaidi ikawa kidogo.

Jibu la tatu sijaliona bado lakini najua linakuja: "Wewe umetengeneza nini?"

Sawa. Wacha niseme ukweli wote, kwa sababu hii ndiyo sababu halisi ya hii posti.

Wale wa zamani hapa mnakumbuka ile video yetu ya keateka. Skripti ya kwanza niliiandika usiku mmoja na ilikuwa ya mtu mmoja. Jamaa hajalipa kodi miezi miwili. Anasikia viatu vya keateka kwa ngazi, anapanda juu ya ploti pale tunapoanika nguo, anajificha ndani ya tanki la maji. Halafu majirani wanaanza kuja mmoja mmoja kulalamika kwamba maji yamepotea. Hiyo tu. Nilipomsomea dada alicheka kwa sauti.

Halafu nikaipeleka kwa kikundi chetu. Tuko saba. Mmoja ndiye mwenye kamera, hawezi kukaa nyuma yake tu siku zote, anataka naye aonekane. Mwingine ana wafuasi wengi kutuliko sote, kwa hivyo lazima awe na mstari. Mwingine alikuwa amenunua koti. Nikaongeza jirani, nikaongeza mpenzi wa jirani, nikaongeza mhubiri wa ploti, nikaongeza fundi wa maji. Kila mtu akapata sekunde zake ishirini. Na mimi, mwenye skripti, niliyepaswa kuingia ndani ya tanki? Nilikuwa nimetoka kwa kinyozi asubuhi hiyo. Nikaibadilisha, jamaa akajificha nyuma ya nguo zilizoanikwa. Mahali pakavu.

Mlipoiona mliandika mambo mazuri sana. Mliandika "mmetokelezea". Mliuliza koti limenunuliwa wapi. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba amecheka. Nilisoma zote mpaka saa nane usiku nikitafuta.

Kwa hivyo wiki hii nikiwa kwa sinki, na sufuria ya ugali iliyogandamana, nimegundua kwamba Hold Up Down haikuniudhi kwa sababu ni mbaya sana. Kuna muvi mbaya zaidi, nimeziangalia na nikalala vizuri. Imeniudhi kwa sababu naijua. Najua kile chumba. Hakuna mtu aliyesema "tuharibu hii muvi". Kila mtu alisema kitu cha haki: na huyu je, mbona hana shoti? Na huyu, mashabiki wake watasemaje? Unajibu kila swali kwa upole, na ukimaliza kujibu yote umegawa keki vipande sita na hakuna aliyeshiba, hasa yule aliyelipa kuingia.

Komedi haina usawa, jameni. Inahitaji mmoja aumie na wengine wamzunguke. Ukimpa kila mtu haki yake kwenye skripti, anayedhulumiwa ni mtazamaji, na mtazamaji hayuko kwenye kikao kujitetea.

Je, uiangalie? Kama ni shabiki wa V6, ndiyo, na utaifurahia kwa sababu zako, na sitakunyima. Kama hujawahi kumuona SABU, tafadhali usianzie hapa. Anzia Dangan Runner, uende Monday, halafu Drive. Ukitaka kuona mastaa wa pop wakichekesha kweli, tafuta Kisarazu Cat's Eye. Ukibaki na jioni moja tupu, weka Hold Up Down, angalia mpaka pale kwa makabati ya stesheni, halafu jiulize wewe ungeendelea vipi na Masanta wawili na ufunguo mmoja. Mimi nimejaribu kwa kichwa nikiosha vikombe. Iko muvi nzuri sana pale, ya watu wawili.

Na mimi? Jumamosi tunarudia ile ya keateka. Jana nimemwambia beste wangu mwenye kamera kwamba safari hii hana mstari. Alinyamaza muda mrefu kwa simu. Akauliza kama basi nataka kamera tu. Nikamwambia nataka jicho lake, kwa sababu yeye ndiye aliyeona kwamba ile ngazi ina mwangwi mzuri wa viatu, lakini ndiyo, usoni hayumo. Hajajibu kama atakuja. Sijui kama nitakuwa na kamera Jumamosi, na sijui kama bado nina beste.

Tanki nimeshaliosha. Kinyozi sijaenda.